Jina la Mkuu wa Kaya

Makala ile nilitumiwa kwa barua pepe, miaka mingi baada ya kuondoka Juba, na mtu aliyedhani ningefurahi. Chini ya ukurasa wa kwanza, kwa herufi ndogo, kuna shukrani. Wanashukuriwa wafadhili, wanashukuriwa maprofesa waliosoma rasimu, na mwishoni kabisa wanashukuriwa "wadodosaji wetu wenye bidii". Hao ndio sisi. Niliisoma yote, pamoja na majedwali, kamusi ikiwa kando yangu. Inasema mtu akipewa karatasi ya kuthibitisha kiwanja chake, anajenga. Anaweka matofali palipokuwa na udongo, mabati palipokuwa na nyasi, anachimba choo, na hakosi tena usingizi kwa hofu ya kufukuzwa. Nimeutafuta mstari waliodanganya, sijauona. Majibu ni yetu, tuliyakusanya kwa miguu yetu wenyewe, na yako sawasawa. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, kwa sababu mojawapo ya nyumba zile za matofali ilijengwa juu ya kiwanja cha mama yangu mdogo, na yeye hakuwemo ndani.

Nilirudi Juba katika miaka ile ya mkataba wa amani, vita vimekwisha na kura ya Kusini kujitenga haijapigwa. Nasema nilirudi, ingawa sikuwahi kukaa huko nikiwa na akili ya kukumbuka. Nilivushwa mpaka nikiwa nimebebwa mgongoni, nikakulia Kenya, nikasoma Kenya, na nilipofika Juba na cheti changu cha kidato cha nne ndani ya mfuko wa nailoni, wenyeji walituita watu wa Afrika Mashariki kana kwamba tumekuja kuuza nyanya. Kiarabu cha Juba sikukijua. Lugha ya mama niliipoteza shuleni, walimu wakinisaidia kuipoteza kwa fimbo. Mama aliyenizaa alifia kambi ya wakimbizi. Aliyebaki ni mdogo wake, na ndiye aliyenipokea.

Mama mdogo alikuwa ameipitisha vita kaskazini mwa Uganda, na Kiswahili chake alikiokota sokoni na kwa askari. Kwa hiyo mimi na yeye, damu moja, tulizungumza kwa lugha ambayo haikuwa yake wala haikuwa yangu. Alikuwa mjane. Mume wake alikufa vitani, na hakuna aliyemwonyesha kaburi. Aliporudi na binti zake wawili alikwenda Gudele, wakati huo Gudele ikiwa bado vichaka na nyoka, akampelekea sultani wa eneo lile, ndivyo huko wanavyomwita chifu, mbuzi na mfuko wa sukari, na sultani akampimia kiwanja kwa hatua za miguu yake mwenyewe. Alikifyeka kwa panga, peke yake. Aling'oa visiki, akafukua maganda ya risasi, akazungushia ua wa miiba, akajenga tukul mbili, vibanda vya mviringo vya udongo na nyasi. Chakula alikipata kwa kugonga kokoto. Alibeba mawe kutoka chini ya mlima, akayapasua kwa nyundo kando ya barabara, akangoja malori ya wajenzi. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vilikuwa bapa kwa sababu ya nyundo ile. Tukul moja alinipa mimi, yeye na binti zake wakabanana katika nyingine, na nikikataa alikuwa akinikaripia.

Kisha nikapata kazi, na nyumbani tulichinja kuku.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuuliza maswali. Kulikuja mradi wa watafiti kutoka ng'ambo, wakiongozwa na mwanamke mmoja kijana aliyekuwa akisomea shahada ya udaktari wa uchumi. Sisi tulikuwa tukimwita daktari, na watu wa mtaani walipolisikia neno hilo walimletea watoto wenye homa. Alitaka kujua kama karatasi ya kiwanja inabadilisha maisha ya mtu. Njia yake ilikuwa hii: mtaa unagawanywa mafungu ya nyumba, kila nyumba inaulizwa maswali, kisha inapigwa kura. Mafungu yanayoshinda yanapewa karatasi yenye muhuri wa serikali. Yasiyoshinda hayapewi kitu, ila yanaendelea kuulizwa maswali. Baadaye wote wanaulizwa tena, na tofauti kati yao ndiyo jibu. Alitueleza kwa subira nyingi, akichora visanduku ubaoni, na nakiri nilivutiwa. Nilidhani hatimaye nimekutana na watu wanaotafuta ukweli kwa haki, bila kumjua mtu na bila kupendelea kabila.

Tulifunzwa wiki mbili katika hoteli moja ya Hai Amarat, yenye vyumba vya makontena na jenereta linalonguruma nyuma ya jiko. Sheria zilikuwa nyingi, lakini tatu zilirudiwa kila asubuhi. Ya kwanza, kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Ya pili, andika jibu kama lilivyotolewa, usilitengeneze. Ya tatu, mdodosaji asimhoji ndugu yake, na nyumba ya ndugu ya mdodosaji iondolewe kabisa kwenye orodha. Msimamizi wetu, Mganda mmoja mrefu aliyewahi kuendesha malori, alizitafsiri sheria hizi kwa Kiswahili chake. "Wewe naandika kile mtu nasema. Hapana kusaidia. Ukisaidia, wewe narudi nyumbani." Na kweli, siku ya majaribio, mwenzetu mmoja alimrekebisha mzee aliyesema ana watoto wawili, kwa sababu alikuwa akiwaona watano wanacheza pale pale. Mzee alihesabu wavulana tu. Mwenzetu alirudishwa nyumbani kabla ya chakula cha mchana.

Sheria ya tatu niliivunja kwa makusudi. Orodha ya mafungu ilipotoka, fungu la mama mdogo lilikuwemo, nami nikanyamaza. Ningesema, angefutwa. Nilitaka awemo kwenye kura. Nilijiambia kwamba mwanamke aliyefyeka msitu kwa mikono yake anastahili nafasi ya kuchaguliwa kama mtu mwingine yeyote, na bado naamini hivyo. Asubuhi ile kabla sijatoka nilimwomba jambo moja. "Nikija na watu wa kazi, usiseme sisi ni ndugu. Wakijua, watanifukuza." Alicheka kidogo, akasema, "Sawa. Leo mimi sijui wewe."

Msimamizi alikuwa na desturi ya kusimama nyuma ya mdodosaji na kusikiliza, nyumba moja kwa siku, bila kuchagua mapema. Siku ile alichagua ya mama mdogo. Alisimama karibu na ua wa miiba, mikono nyuma, na mimi nikakaa kwenye kigoda nilichokuwa nakalia kila jioni nikila. Nilimwita mama, kama ninavyomwita mwanamke yeyote wa umri wake, kwa hiyo hakuna lililoonekana geni. Swali la kwanza lilikuwa jepesi kuliko yote.

"Mama, mkuu wa kaya hii ni nani?"

Alitaja jina la mwanamume. Nililijua kwa kusikia tu. Alikuwa ndugu wa marehemu mume wake, aliyehamia Khartoum tangu ujana na hajawahi kuikanyaga Gudele. Nikasubiri. Nikauliza tena kwa namna nyingine, kama tulivyoruhusiwa.

"Anayeongoza nyumba hii, anayeamua mambo ya hapa."

"Ni yeye," akasema. "Hii nyumba ni ya bwana yangu. Bwana yangu nakufa. Sasa ni ya ndugu yake. Mimi iko nakaa tu."

Mtu wa mbali atasema alidanganya. Hakudanganya. Kwetu mwanamke aliyefiwa hajitaji kuwa mwenye nyumba mbele ya wageni. Akijitaja, ni kama ametangaza kwamba mume wake hakuwa na watu, kwamba alikufa na jina lake likafa naye. Jina la shemeji linatajwa kama vile mtu anavyomkaribisha mgeni chakula ambacho anajua mgeni hatakula. Ni adabu. Sultani anajua ni adabu, majirani wanajua, shemeji mwenyewe anajua, na hakuna aliyewahi kupoteza mti mmoja wa uani kwa ajili ya adabu hiyo. Mimi pia nilijua, kwa sababu alinieleza mwenyewe usiku wa kwanza nilipofika. Lakini msimamizi alikuwa nyuma yangu, na mzee wa watoto wawili bado alikuwa kichwani mwangu. Na zaidi ya hayo, swali lilikuwa swali tu. Hakuna aliyetuambia kwamba jina lile litakwenda mahali pengine zaidi ya kwenye fomu. Nililiandika, herufi kubwa, kila moja ndani ya kisanduku chake. Baadaye msimamizi alinisifu kwa mwandiko.

Kura ilipigwa kwenye uwanja wa kanisa, mchana, mbele ya watu wote, ili pasiwe na manung'uniko. Vikaratasi vilikunjwa vikatiwa ndani ya ndoo ya plastiki, na mwalimu wa shule ya Jumapili akawa anavichomoa. Fungu la mama mdogo lilishinda. Wanawake walipiga vigelegele, na yeye alikaa chini kwenye vumbi, akiwa amejifunika uso kwa kanga. Jirani yake wa ng'ambo ya njia, mjane kama yeye, mgonga kokoto kama yeye, alikuwa fungu jingine na hakushinda. Huyo alilia kwa sauti. Nilimhurumia sana. Nilimfikiria njia nzima kuelekea nyumbani.

Ilipofika wakati wa kuchapa karatasi, ofisi ya mradi ilihitaji majina. Wangeweza kuturudisha nyumba kwa nyumba kuuliza kiwanja hiki ni cha nani, alikifyeka nani, alipewa na nani. Lakini ingechukua mwezi, na majina yalikuwa tayari yamo ndani ya kompyuta, kwenye safu ya kwanza, safi, yakiwa na mkuu wa kaya kwa kila nyumba. Wakayatumia hayo. Si kwa ubaya. Nimewahi kufanya kazi za ofisi tangu wakati ule na nimeona jinsi safu iliyojazwa inavyopendwa kuliko safu tupu. Orodha ilibandikwa kwenye ukuta wa kanisa, na tangazo likasema mwenye malalamiko ana wiki moja.

Mama mdogo hakujua kusoma. Alinituma niangalie. Nilisimama mbele ya ukuta ule pamoja na watu wengine, kidole changu kikashuka na mistari, na nikaliona jina nililoliandika mwenyewe, limechapwa vizuri, karibu na namba ya kiwanja chake. Nilimwuliza msimamizi, kama vile ni swali la kazi tu, jina likikosewa linarekebishwaje. Akasema mdodosaji aliyejaza fomu anaitwa mbele ya daktari, anaeleza kwa nini jibu la kwanza lilikuwa hivyo, na kama anamfahamu mwenye nyumba. Alisema hivyo akitafuna karanga, bila kunitazama. Mshahara wetu ulikuwa wa dola. Nilikuwa nawalipia binti wawili wa mama mdogo karo, nilikuwa nimenunua kitanda, na kwa mara ya kwanza tangu nivuke mpaka hakuna aliyeniuliza nimekuja kuuza nini.

Nilimkuta barabarani, kwenye rundo lake la kokoto.

"Jina gani iko kwa ukuta?" akauliza.

"La shemeji yako."

Aliweka nyundo chini. "Na wewe unaweza kubadilisha?"

"Naweza kujaribu. Wataniita waniulize maswali."

Aliondoa vumbi la mawe kwenye kope. Lori lilipita, likapunguza mwendo, halikusimama.

"Wacha," akasema. "Nikitoa jina lake, watu ya bwana yangu watasema mimi nafukuza marehemu. Wacha tu. Yeye iko Khartoum."

Nilifurahi. Nimejaribu miaka yote hii kulitafutia neno jingine na sijalipata. Nilifurahi mpaka nikaona aibu, nikachukua nyundo nikamsaidia kupasua mawe hadi jua likatua, na wiki ile ikapita.

Karatasi zilitolewa kwa sherehe, na kwaya ikaimba. Yake ilikuwa na muhuri, namba, na mchoro wa kiwanja wenye vipimo vya mita badala ya hatua za sultani. Aliifunga kwa plastiki, akaitia ndani ya sufuria yenye kifuniko ili mchwa wasiipate. Miezi michache baadaye shemeji akaja.

Sijui nani alimpigia simu. Huenda ni yeye mwenyewe mama mdogo, kwa adabu ile ile, akimjulisha kwamba jina la familia limeandikwa na serikali. Sikuwahi kumuuliza. Alikuja kwa meli ya mtoni kutoka kaskazini pamoja na mke wake, watoto wanne, magodoro, kabati la vioo na televisheni iliyoviringishwa kwenye blanketi. Ningependa kusema alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mpole, mwenye kusalimia kwa mikono miwili, aliyechoka na Khartoum na dharau zake, na aliyetaka kufika nyumbani kabla ya kura ya kujitenga. Alimletea mama mdogo kitenge na sabuni ya kunukia. Mimi nilihama nikaenda kupanga chumba mjini, ili wapate nafasi.

Miezi miwili walikaa hivyo, vyungu viwili uani. Kisha mke wa shemeji akaanza kuulizia kwa nini mlango wa jiko uko upande ule, na miti ya miiba itaondolewa lini. Shemeji akamwambia mama mdogo kwamba desturi inamruhusu kumrithi, akawa mke wa pili, na hakuna kitakachobadilika. Alikataa. Alisema yeye amezeeka na amezoea kulala bila kukoromewa. Baada ya hapo mazungumzo yakawa ya kiwanja.

Kikao kilifanyika kwa sultani, yule yule aliyepokea mbuzi. Nilikwenda. Nilikuwa na hakika. Mtu aliyepima kwa miguu yake mwenyewe yu hai, ameketi mbele yetu, anakumbuka hata rangi ya mbuzi, na alisema hivyo hadharani. "Huyu mwanamke ndiye nilimpa." Kisha shemeji akatoa karatasi kwenye plastiki, maana mama mdogo mwenyewe alikuwa amemkabidhi aihifadhi, na sultani akaishika kwa ncha za vidole, akaigeuza, akautazama muhuri. Akasema katika maisha yake ametoa viwanja vingi na hakuna aliyewahi kumletea karatasi, na kama serikali na wazungu wameandika, yeye hana kalamu ya kufuta. Mambo ambayo angeyaamua asubuhi moja mwaka uliopita, kwa neno lake tu, sasa hakuyaweza.

Nilimfuata shemeji nje. Nilikuwa na hasira ya kumpiga mtu.

"Unajua kabisa kiwanja si chako," nikamwambia.

"Mimi najua," akasema, taratibu, kwa Kiswahili alichokiokota Juba kwa wafanyabiashara. "Lakini mimi nilikuwa Khartoum. Mimi sikuandika kitu. Ni nani aliandika?"

Nilikwenda kwa daktari siku ya pili. Nilimwambia kuna nyumba moja katika fungu fulani ambayo jina liliingia vibaya, mjane anatolewa. Sikusema mjane ni nani kwangu. Alisikitika, na naamini alisikitika kweli, kwa sababu aliacha kuandika na macho yake yakawa mekundu. Akaniuliza aliyejaza fomu ni nani. Nikasema sikumbuki, itabidi kuangalia. Akasema wakiingilia nyumba moja katikati ya utafiti, watakuwa wameharibu ulinganisho wa mafungu yote, na kwamba matokeo yakitoka yatasaidia wajane wengi zaidi, nchi nzima. Aliandika jambo hilo kwenye daftari lake. Msimamizi, aliyekuwa pale akisikiliza, alinishika bega tulipokuwa tunatoka. "Nyumba moja haiwezi kusumbua wastani," akaniambia, na nadhani alikuwa ananifariji.

Mama mdogo aliondoka na binti zake kwenda Rejaf, kwa binamu wa mama yake mwenye shamba karibu na mto. Alichukua nyundo, sufuria na vigoda. Hakumlaani mtu. Jirani yake wa ng'ambo ya njia, yule aliyelia siku ya kura, alimsindikiza hadi barabara kuu akiwa amembebea godoro, kisha akarudi kwenye tukul yake ya udongo na nyasi, isiyo na karatasi wala muhuri. Bado yumo, mara ya mwisho niliposikia. Katika makala ile yeye ni mmoja wa wale ambao hawakujenga.

Awamu ya pili ya maswali ilikuja kiangazi kilichofuata. Sheria ilisema tufuate kiwanja, si mtu. Kila mdodosaji arudi kwenye nyumba zake zile zile, kwa sababu njia anaijua. Ningeweza kujitia ugonjwa. Sikufanya hivyo. Nilikwenda nikapiga hodi mahali ambapo ua wa miiba ulikuwa umeondolewa na kuwekwa ukuta, shemeji akanikaribisha, mke wake akaniletea chai ya tangawizi, na nikafungua fomu kwenye magoti.

Kuta za nyumba ni za nini? Matofali. Paa? Mabati. Choo? Kipo, tena cha saruji. Kuna biashara yoyote inayofanyika hapa? Ndiyo, dirisha la duka, sabuni na vocha za simu. Tulifika kwenye sehemu ya wasiwasi, ambayo daktari aliithamini kuliko zote. Je, unaogopa kwamba mtu anaweza kukunyang'anya kiwanja hiki? Chagua kati ya naogopa sana mpaka siogopi kabisa. Shemeji alifikiri kwa uaminifu, akatazama ukuta wake, akasema haogopi kabisa. Nilizungushia duara.

Kulikuwa na ukurasa mmoja wa watu waliohama tangu awamu ya kwanza, na sababu zao: ndoa, masomo, kazi, kifo, nyingine. Watatu. Nilizungushia nyingine. Pembeni kulikuwa na nafasi ya maelezo, upana wa kidole, nami nikaandika "walihamia kwa ndugu". Ni kweli tupu. Nikamshukuru, nikampa kipande cha sabuni tulichokuwa tunawapa wote waliokubali kuhojiwa, na nikaenda kupiga hodi nyumba iliyofuata.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Rejaf. Nilikuwa nimeamua kumwambia kila kitu. Nilimkuta shambani akipalilia bamia, kanga imefungwa kiunoni, amekonda. Binti mkubwa alikuwa ameacha shule, maana shule ilikuwa mbali. Tulikaa ukingoni mwa tuta na nikaanza. Nikamweleza kwamba siku ile ya ukuta ningeweza kulibadilisha jina. Ingetosha kusema yeye ni mama yangu mdogo na kwamba niliandika vibaya nikijua. Nilinyamaza kwa kuogopa kufukuzwa kazi. Nilisema yote hayo nikitazama miguu yangu.

Hakushangaa. Alivunja bua la bamia, akalitupa.

"Mimi nilijua," akasema. "Wewe uliniambia wakijua sisi ni ndugu, watakufukuza. Ile maneno ya marehemu nilisema tu. Wewe ulikuwa umepata kazi, mtoto wa dada yangu. Nani angekupa ingine?"

Alinipa maji kwenye kibuyu, akasubiri ninywe, akanitazama mavazi yangu na viatu vyangu vya ofisini kama mama anavyomkagua mtoto anayekwenda kanisani.

"Na hiyo kazi," akauliza, "bado iko?"

Mradi ulikuwa umefungwa Ijumaa. Walikuwa wamepata majibu waliyoyataka, wakatupa kila mmoja barua ya sifa na fulana.

"Iko, mama," nikasema.

"Kwes. Vizuri," akasema, akachukua jembe lake.